Shangwe ya Kumwona Mchezaji Akiondolewa

Swali la kama ni haki mtu kulaumiwa kwa matokeo ambayo hayakuwa yote mikononi mwake limejadiliwa na wanafalsafa wa maadili kwa karne nyingi, aghalabu kwa mifano ya mahakama, vita na ajali za barabarani, ilhali michezo ya kulipwa huliweka swali hilo hadharani karibu kila usiku, mbele ya maelfu ya watu waliolipa kiingilio na wasioona haya kutamka wanachohisi. Besiboli ya Marekani ina nafasi ya pekee katika jambo hili, kwa kuwa ni mchezo wa timu unaomtenga mtu mmoja na wenzake na kumsimamisha juu ya kilima kidogo cha udongo, ambapo kila anachokifanya huandikwa kwa tarakimu na kubaki katika kumbukumbu baada ya yeye mwenyewe kusahauliwa. Mtu huyo ni mrushaji, na asiye na pa kujificha kuliko warushaji wote ni yule wa akiba, anayeingizwa mchezo ukielekea mwisho ili aulinde uongozi ambao timu yake imekwisha kuupata.

Mfano utakaofuatwa hapa ni wa Craig Kimbrel, ambaye tarehe 18 Septemba 2024 aliondolewa katika kikosi cha Baltimore Orioles zikiwa zimebaki siku chache msimu wa kawaida umalizike. Kimbrel hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Mwaka 2011, akiwa Atlanta, alichaguliwa kuwa mchezaji mpya bora wa Ligi ya Taifa, na kufikia siku ile ya Septemba alikuwa na uokozi 440, hesabu ambayo ni wachache mno katika historia ya mchezo huo waliowahi kuizidi. Uokozi ni alama anayopewa mrushaji anayemaliza mchezo bila kuuacha uongozi mwembamba wa timu yake upotee. Kipimo hicho kilibuniwa na mwandishi wa habari wa Chicago, Jerome Holtzman, na kikaingizwa rasmi katika takwimu za ligi mwaka 1969. Orioles walimsajili kwa mkataba uliomhakikishia dola milioni 13 kwa sababu mmaliziaji wao, Félix Bautista, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko na asingeweza kucheza mwaka ule. Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri, lakini baada ya katikati ya msimu mambo yaliharibika, na usiku wa tarehe 17 Septemba, katika mchezo dhidi ya San Francisco Giants ambao Baltimore walifungwa 10 kwa 0, aliruhusu pointi 6 bila hata kuumaliza mzunguko mmoja kati ya tisa ya mchezo. Kesho yake jina lake halikuwamo.

Kanuni zinazotawala tendo hilo la kumwondoa mchezaji zinahitaji maelezo, maana hukumu ya kimaadili juu yake inategemea kueleweka kwake. Kwa sehemu kubwa ya msimu kila klabu ya ligi kuu huwa na wachezaji 26 walio tayari kucheza, ndani ya orodha pana zaidi yenye wachezaji 40, na warushaji miongoni mwa hao 26 hawaruhusiwi kuzidi 13. Anayeondolewa kwa njia iliyotumika kwa Kimbrel hutolewa katika orodha zote mbili, na klabu hupewa siku 7 za kumbadilisha na klabu nyingine, kumweka wazi ili yeyote anayemtaka amchukue, au kumwachia aende zake. Fedha zilizohakikishwa katika mkataba huendelea kulipwa. Hakuna mashtaka yanayosomwa wala kosa linalotajwa, na mchezaji hatakiwi kujitetea. Klabu hutangaza kwa sentensi moja kwamba nafasi ile imepewa mtu mwingine.

Adhabu, kwa maana iliyozoeleka katika falsafa ya sheria, hutazama nyuma: humfuata mtu kwa sababu ya jambo alilolitenda, na haiwi halali mpaka ithibitike kwamba anastahili. Uamuzi wa kikosi hutazama mbele, kwa kuwa kinachoulizwa ni nani atakayerusha vizuri zaidi kesho na keshokutwa, na katika swali hilo yaliyopita ni ushahidi tu, si deni. Klabu iliyomwondoa Kimbrel haikudai kwamba ametenda uovu, na kwa kipimo cha uamuzi wa aina hiyo ilikuwa na sababu za kutosha. Taabu huanzia kwa shabiki, anayeipokea habari hiyo kana kwamba imetoka mahakamani. Huko Baltimore, kama inavyotokea katika kila mji wenye timu, wengi waliipokea kwa ahueni iliyochanganyika na dhihaka, wakisema kwamba ilichelewa na kwamba mtu huyo alikuwa amewaibia msimu wao. Neno la wizi ni la hukumu, si la makadirio ya kesho, na anayelitumia anawajibika kuonyesha kilichoibwa na nia ya aliyeiba.

Wastoa wa kale, wafuasi wa falsafa iliyofundisha kwamba wema wa mtu umo katika kile tu anachokitawala, walikuwa na mfano unaofaa sana hapa, ambao Cicero aliuhifadhi katika kitabu chake kuhusu kikomo cha mema na mabaya. Mpiga mshale, kwa maelezo yao, ana wajibu wa kufanya kila kilicho katika uwezo wake ili kulenga sawasawa, na lengo lake la kweli ni huko kulenga. Mshale ukishaiacha kamba, upepo na kusogea kwa shabaha si mambo yake tena, na kupata shabaha ni jambo la kupendelewa bali si jambo la kuyatundikia maisha. Mrushaji wa besiboli husimama umbali wa mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na mpira wake wa kasi huupita umbali huo kwa takriban nusu ya sekunde au pungufu. Baada ya hapo kuna gongo la mtu mwingine, na baada ya gongo kuna wenzake uwanjani wanaoukimbilia mpira, upepo, na nyasi zilizoloa. Mwaka 2001 mtafiti wa takwimu Voros McCracken aliwashangaza wengi kwa kudai kwamba warushaji wa ligi kuu hutofautiana kidogo mno katika uwezo wa kuzuia mpira uliokwisha kupigwa ndani ya uwanja usigeuke kuwa pigo salama, na kwamba wanachokitawala hasa ni idadi ya wapigaji wanaowatoa bila mpira kuguswa, idadi ya wanaowapa njia ya bure, na mapigo yanayovuka uzio. Utafiti uliofuata ulilegeza dai hilo, lakini haukulifuta.

Bahati humwonea mrushaji wa akiba kwa njia nyingine pia, ambayo ni ya hesabu. Yeye hupimwa kwa wastani wa pointi anazoruhusu katika kila mizunguko tisa, yaani urefu wa mchezo mmoja kamili, lakini kwa mwaka mzima wenye michezo 162 anaweza kurusha mizunguko 60 tu. Aliyeruhusu pointi 20 katika mizunguko hiyo ana wastani wa 3.00, ambao ni wa kujivunia. Akiruhusu pointi 5 katika usiku mmoja mbaya huku akimtoa mpigaji mmoja pekee, wastani unapanda hadi kama 3.73, na inaweza kumchukua wiki kadhaa za kazi safi kuurudisha karibu na ulipokuwa. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walilipa suala hili jina la bahati ya kimaadili, wakimaanisha kwamba watu huendelea kuwasifu na kuwalaumu wenzao kwa mambo yaliyoamuliwa na bahati hata baada ya kukiri kwamba haifai kufanya hivyo. Mfano wa Nagel ni wa dereva mzembe aliyegonga mtoto na dereva mzembe aliyefika nyumbani salama kwa sababu tu hakuna mtoto aliyekatiza barabara: uzembe ni mmoja, lawama ni mbili.

Hata hivyo, itakuwa ni kumpendelea Kimbrel kusema kwamba alionewa na bahati peke yake. Alitoa njia za bure kwa wingi, yaani alirusha nje ya eneo halali mara nne kwa mpigaji mmoja na kumpeleka kituo cha kwanza bila jasho, na hilo ni jambo ambalo hata McCracken aliliacha mikononi mwa mrushaji. Ulinzi wa Kistoa unaishia hapo. Ila swali halijaisha, kwa sababu kukitawala kitu si sawa na kuwa na hatia kinaposhindikana. Alikuwa na umri wa miaka 36, akiwa amerusha kwa nguvu zote katika ligi kuu tangu 2010, na mkono unaochoka hauchoki kwa kukusudia. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha maadili yake, alitenganisha kasoro ya mwili iliyotokana na maumbile na ile iliyotokana na uzembe, akasema kwamba ya kwanza huonewa huruma na ya pili hulaumiwa. Shabiki anayetaka lawama yake isimame angelazimika kuonyesha kwamba mchezaji aliacha kufanya mazoezi, au hakujali, na ushahidi wa namna hiyo haukuwapo. Kilichoonekana ni mtu aliyeinama mbele kama kawaida yake, mkono wa kulia ukining'inia pembeni kama bawa, akijaribu.

Ni rahisi kufikia hapa na kuhitimisha kwamba shabiki ni mjinga na klabu ina busara, lakini hitimisho hilo linapita juu ya jambo lililo gumu zaidi. Mwaka 1962 mwanafalsafa P. F. Strawson aliandika insha kuhusu uhuru na kinyongo, ambamo alitofautisha namna mbili za kumtazama binadamu. Ya kwanza ni ya mshiriki, ambaye hujibu matendo ya mwenzake kwa shukrani, kinyongo, msamaha au hasira, kwa sababu anamhesabu kuwa mtu wa kuhusiana naye. Ya pili ni ya msimamizi, anayemwona mwenzake kama kitu cha kupangwa, kutibiwa, kutumiwa au kuepukwa. Ukiutumia mgawanyo huu uwanjani, mambo yanageuka, kwa kuwa klabu, pamoja na utulivu wake wote, ndiyo inayomtazama mchezaji kama kifaa, na shabiki, pamoja na matusi yake, ndiye anayemtazama kama mtu aliyemvunjia ahadi. Mchezaji Curt Flood aliyapinga macho hayo ya usimamizi mwaka 1969, alipokataa kuhamishwa kutoka St. Louis kwenda Philadelphia na kumwandikia kamishna wa ligi kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa pasipo kuulizwa. Mahakama Kuu ya Marekani ilimkatalia mwaka 1972, na uhuru alioudai ukaja baadaye kwa faida ya wengine. Hasira ya shabiki, kwa hiyo, ina heshima fulani ndani yake ambayo daftari la mhasibu halina.

Lakini Strawson hakuvitenga kinyongo na shukrani. Alivitaja kama sehemu za uhusiano mmoja. Anayejipa haki ya kumkasirikia mchezaji kama mshiriki amejifunga pia kumshukuru kama mshiriki, na kosa la shabiki wa kawaida ni kuichukua nusu moja ya uhusiano, kwani ushindi wa Aprili anauhesabu kuwa malipo ya tiketi yake na kushindwa kwa Septemba anakuhesabu kuwa usaliti. Zaidi ya hayo, kinyongo katika maelezo ya Strawson hujibu nia mbaya au kutojali, si kushindwa kwenyewe, na mtu akikanyagwa mguu kwa bahati mbaya huumia kama aliyekanyagwa makusudi bila kuwa na sababu ileile ya kukasirika. Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Katika viwanja vya kulipwa, kwao kwa mchezaji hudumu kwa kadiri wastani wake unavyoridhisha.

Kuhusu shangwe yenyewe, dini zina neno la kusema. Mithali ya Biblia, katika sura ya 24, humwonya mtu asifurahi adui yake anapoanguka, kwa kuwa Mungu anaweza kuiona furaha hiyo, akachukizwa nayo, na kuiondoa ghadhabu yake kwa yule aliyeanguka. Katika Qur'ani, sura ya Al-A'raf, Harun anamwomba ndugu yake Musa asiwape maadui nafasi ya kumfurahia katika fedheha yake, na imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume alikuwa akijikinga kwa Mungu na furaha ya maadui msibani. Mafundisho yote haya yanamzungumzia adui. Hayakuona haja ya kukataza furaha juu ya kuanguka kwa mtu wa upande wetu, labda kwa sababu waliopokea mafundisho hayo wasingedhani kwamba jambo hilo linawezekana, ilhali ndilo hasa linalotokea uwanjani, ambapo anayechekwa alikuwa jana amevaa jezi ileile aliyovaa anayecheka.

Mtetezi wa shabiki anaweza kujibu kwamba furaha hiyo haihusu maumivu ya mtu bali wokovu wa timu. Jibu hilo lina ukoo wa heshima. Sehemu ya nyongeza ya Summa ya Thomas Aquinas, iliyokusanywa na wengine baada ya kifo chake, inauliza kama watakatifu mbinguni hufurahia mateso ya waliolaaniwa, na inajibu kwamba hawayafurahii mateso kwa ajili ya mateso, bali huifurahia haki ya Mungu na kuokoka kwao wenyewe, mateso yakiwa yamefuatana tu na mambo hayo. Tofauti hiyo imewakwaza wasomaji wengi, na si bila sababu, lakini inatoa njia ya kuipima furaha ya shabiki. Aulizwe: kama mrushaji huyu angeondoka kwa heshima, akapokewa na klabu nyingine kwa mshahara mnono na kufanikiwa huko, furaha yako ingebaki ilivyo? Anayejibu kwa uaminifu kwamba ingebaki amepona. Anayehisi kwamba ingepungua, na kwamba mafanikio ya mtu yule kwingine yangekuwa tusi kwake, amejua kilichokuwa kikimfurahisha.

Hoja ya fedha haihitaji maneno mengi. Husemwa kwamba anayelipwa mamilioni amelipwa pia ili avumilie matusi, lakini mkataba wa mrushaji hununua huduma ya mkono wake, na hakuna kifungu kinachouza heshima yake. Vilevile anayelipa ni klabu, na tiketi humpa shabiki kiti na haki ya kuzomea mchezo mbovu, si haki ya kumpima mtu utu wake.

Kwamba jambo hili si la maneno matupu kulithibitishwa na yaliyompata mrushaji Donnie Moore. Tarehe 12 Oktoba 1986, akirushia California Angels, alibakiwa na straiki moja, yaani urushaji mmoja halali, ili timu yake iingie kwa mara ya kwanza katika fainali ya Marekani, lakini Dave Henderson wa Boston aliupiga mpira ukavuka uzio. Angels walisawazisha siku ileile, wakapoteza katika mzunguko wa 11, kisha wakashindwa michezo miwili mingine huko Boston, lakini kumbukumbu ya mji ilibaki kwenye mpira mmoja, na Moore alizomewa katika misimu iliyofuata hadi klabu ikamwachia. Juni 1989 aliachwa pia na timu ya daraja la chini huko Omaha. Mwezi uliofuata alimpiga risasi mkewe, ambaye alinusurika, kisha akajiua. Waandishi wengi waliuvuta mstari ulionyooka kutoka mpira wa Henderson hadi risasi ile, na hapo inafaa kuwa makini, kwa sababu Moore alikuwa na majeraha ya muda mrefu na ndoa yenye matatizo, na kuyaeleza maisha yote ya mtu kwa mpira mmoja ni kulirudia kosa la waliomzomea, hata kama safari hii linafanywa kwa huruma.

Kosa hilohilo huwapata wanaosifu upole. Agosti 2023 mashabiki wa Philadelphia, wasiojulikana kwa subira, waliamua kusimama na kumpigia makofi Trea Turner, mpigaji aliyekuwa akicheza vibaya katika mwaka wa kwanza wa mkataba wa dola milioni 300, na baada ya hapo akaanza kupiga vizuri sana. Tangu wakati huo tukio hilo hutajwa kama ushahidi kwamba makofi hufanya kazi. Huenda yalifanya, na huenda mchezaji wa kiwango chake angerudi katika hali yake kwa vyovyote, lakini anayeyasifu makofi kwa sababu ya mapigo yaliyofuata amekwisha kukubali kwamba Turner angeendelea kukosa, yangekuwa makofi ya bure. Wema unaosubiri takwimu ni jamaa wa karibu wa kuzomea.

Baltimore, baada ya kumwondoa Kimbrel, waliingia katika michezo ya mtoano mwanzoni mwa Oktoba 2024 na kutolewa na Kansas City Royals kwa michezo miwili, 1 kwa 0 na 2 kwa 1. Warushaji walifanya kazi yao; waliokosekana ni wapigaji, waliopata pointi moja tu katika siku mbili. Kimbrel naye alirudi Atlanta, klabu ambayo bado inamhesabu kuwa kiongozi wake wa uokozi wa nyakati zote, akaanzia katika timu za chini, na tarehe 6 Juni 2025 akaitwa katika kikosi kikuu. Siku hiyo alirusha mzunguko mmoja bila kuruhusu pointi hata moja, na siku iliyofuata klabu ilimwondoa kwa utaratibu uleule uliotumika Baltimore, kwa kuwa ilihitaji nafasi yake kwa mkono mwingine. Atlanta hapakuwa na wa kudai kwamba haki imetendeka, kwa sababu hapakuwa na kosa la kuielekeza kwalo, na anayeshikilia kwamba karatasi ya Baltimore ilikuwa hukumu analazimika kueleza ile ya Atlanta ilikuwa nini.